Somo la Wastani

Mwalimu ni mtu aliyezoea kuuliza, hakuzoea kuulizwa. Amezoea kusahihisha, hakuzoea kusahihishwa. Kwa hiyo nataka kukusimulia habari ya likizo moja ambayo ndani yake nilikaa upande wa pili wa meza, nikapata somo ambalo sikulitafuta.

Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kwa cheti cha chuo cha ualimu nilipoazimu kutafuta shahada. Nilijiunga na chuo kikuu kinachowapokea walimu katika miezi ya Aprili, Agosti na Desemba, wakati shule zinapofungwa. Katika masomo niliyopangiwa palikuwa na moja lililoitwa Utangulizi wa Takwimu za Biashara. Biashara nilidhani naijua, kwa kuwa nalifundisha somo hilo. Takwimu nilidhani ni kujumlisha na kugawanya tu. Dhana hizo zilikuwa mzigo wangu wa kwanza, maana mtu aendaye sokoni na kikapu kilichojaa hana pa kutilia kitu kipya.

Jaribio la kwanza lilikuwa la alama 30. Nilikesha siku tatu nikikariri kanuni, moja baada ya moja, kama kasuku. Karatasi zilipotolewa nilipata alama 11. Wastani wa darasa letu ulikuwa 19. Fikiri hali yangu, msomaji: mtu mzima mwenye tai shingoni, mwenye wanafunzi wake nyumbani, yuko chini ya wastani! Nilijiona kama kwamba watu wote waliokuwamo chumbani walikuwa wakinitazama kisogoni.

Lakini mhadhiri wetu, aliyekuwa kijana kuliko mimi, hakutaja jina la mtu. Alinirudishia karatasi yangu imekunjwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kanuni zote unazo. Ila hukuuliza tarakimu hizi ni za nani. Rudi ukaulize."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, na toka siku hiyo nilianza kusikiliza. Mhadhiri alitupa mfano wa duka lenye watu 5. Wafanyakazi 4 hupokea kwa mwezi shilingi 12,000, 13,000, 14,000 na 15,000. Mwenye duka hujilipa shilingi 146,000. Jumla ni 200,000, na wastani ni shilingi 40,000 kwa kila mtu. Hesabu ni sahihi, wala hapana awezaye kuipinga. Hata hivyo hakuna hata mmoja katika duka lile apokeaye shilingi 40,000, wala anayekaribia. Lakini ukiwapanga watu hao kwa safu, toka mwenye kidogo hata mwenye kingi, ukamtazama aliye katikati, utakuta shilingi 14,000. Tarakimu hiyo ya katikati husema kweli zaidi juu ya maisha ya wafanyakazi wale kuliko wastani. Wastani haukudanganya, sisi ndio tuliouuliza swali lisilo lake.

Vivyo hivyo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu katika Kenya watu 47,564,296, na wastani wa kaya moja ukawa watu 3.9. Tembea toka Lamu hata Busia, ubishe hodi kila mlango. Hutakaribishwa na kaya yenye watu 3.9. Serikali huihitaji tarakimu hiyo kwa kupanga mambo ya nchi, na ni chombo chema kwa kazi hiyo. Lakini mama apimaye unga wa chakula cha jioni huhesabu vichwa vilivyomo nyumbani mwake.

Kisha tulifundishwa kupima mtawanyiko. Chukua wauza mikate wawili. Wa kwanza kwa siku 5 aliuza mikate 48, 49, 50, 51 na 52. Wa pili aliuza 10, 30, 50, 70 na 90. Wastani wa kila mmoja ni mikate 50 kwa siku. Je, biashara zao ni sawa? Hasha! Wa kwanza aweza kuagiza mikate 52 kila asubuhi na kulala usingizi. Wa pili leo mikate inamwozea, kesho anawafukuza wateja kwa kukosa. Ili kuona tofauti hiyo kwa tarakimu, twatafuta umbali wa kila siku toka kwenye wastani. Umbali huo ukijumlishwa hivi hivi huleta sifuri, kwa kuwa wa juu na wa chini hufutana. Kwa hiyo kila mmoja huzidishwa kwa wenyewe kwanza, ndipo wastani wake hutafutwa, na mwisho kipeuo chake cha pili. Kwa muuzaji wa kwanza jibu ni kama 1.4, kwa wa pili ni kama 28. Kanuni hiyo nalikuwa nimeikariri kabla ya jaribio. Sasa kwa mara ya kwanza nalijua ni ya nini.

Mtu aliyenivutia kuliko wote katika somo hilo ni William Sealy Gosset. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, mjini Dublin. Kazi yake ilimtaka apime ubora wa shayiri na vitu vingine vya kiwandani, lakini majaribio yalikuwa ya gharama, na mara nyingi alikuwa na vipimo vichache tu mkononi. Swali lake likawa hili: vipimo vichache vyaweza kuaminiwa kadiri gani? Jibu lake lilichapishwa mwaka 1908. Kwa kuwa kiwanda hakikuwaruhusu watumishi wake kuchapisha kwa majina yao, alijiita "Student", maana yake Mwanafunzi. Hata leo jedwali litumiwalo na wanafunzi wa takwimu duniani lina jina hilo. Nilipenda sana kwamba mtu aliyewafundisha wengi kiasi hicho alikubali kuitwa mwanafunzi.

Usiku wa siku tuliyosoma habari za Gosset sikupata usingizi, na sababu yake, msomaji, ni aibu ambayo sasa nitakueleza.

Muhula uliotangulia, nilipokuwa nikirudisha karatasi za mtihani kwa Kidato cha Pili, nilimsimamisha msichana mmoja mbele ya wenzake. Darasa lilikuwa na wanafunzi 40, na wastani wao ulikuwa alama 52. Yeye alikuwa amepata 18. Nilimwambia, "Wewe ndiwe unayeushusha wastani wa darasa hili." Wenzake walicheka. Yeye hakulia wala hakujibu, aliketi. Toka siku hiyo mkono wake haukuinuka tena katika somo langu, nami sikujali.

Usiku ule katika chumba cha chuo nilichukua kalamu. Wanafunzi 40 kwa wastani wa 52 ni alama 2,080. Nilitoa 18 zake, zikabaki 2,062. Niligawanya kwa wanafunzi 39 waliosalia, nikapata 52.87. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea, lakini jibu halikubadilika. Mtoto yule aliushusha wastani wetu kwa kiasi kisichotimia hata alama moja! Kwa sehemu ya alama, nilikuwa nimeifunga sauti ya mtu.

Nilifungua daftari langu la alama, nikatazama mitihani yake mitatu. Wa kwanza alipata 9, wa pili 14, wa tatu 18. Nalikuwa nimeziandika tarakimu hizo kwa mkono wangu, nisizione. Alama tatu ni sampuli ndogo, na Gosset angeniambia nisifanye haraka kuapa kwamba zinathibitisha jambo. Lakini kama tatu ni chache kwa kusifu, moja ni chache zaidi kwa kulaumu. Nalikuwa nimemhukumu mtu kwa kipimo kimoja, na mbele ya watu. Mhadhiri alipata kwangu kosa kama hilo, akaikunja karatasi.

Shule zilipofunguliwa nilimwita msichana yule, nikamwonyesha hesabu yangu, toka mstari wa kwanza hata wa mwisho. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikosea, nawe uniwie radhi." Kisha nikamwonyesha zile alama tatu, nikidhani namletea habari njema asiyoijua. Alizitazama kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nalikuwa nikizihesabu."

Sikuwa na la kujibu. Kwa muda wote nilioshughulika na wastani wa watu 40, yeye peke yake alikuwa akifanya takwimu zilizo sahihi. Kesho yake niliomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa lilitendeka mbele ya darasa. Hakuinua mkono siku hiyo. Aliuinua wiki ya tatu, na swali lake lilikuwa jema.

Somo lile la chuo nililipita kwa alama za kadiri. Sikusimulii haya ili uyachukie mahesabu. La! Wastani ndio ulioniaibisha, na hesabu ndiyo iliyonisahihisha. Mfanyabiashara asiyejua takwimu hutembea gizani, na serikali isiyozijua hugawa chakula kwa kubahatisha. Jifunze, tena kwa bidii. Ila kila utakapopewa tarakimu, ikiwa ni ya mshahara, ya mauzo, ya sensa au ya mtihani wako mwenyewe, uliza swali nililofundishwa kwa alama 11: ni za nani? Na ikiwa siku moja mtu atakusimamisha na kukuambia kwamba wewe ndiwe ushushaye wastani, keti, uchukue kalamu, uhesabu.