Queen au Kiss? Ubishi wa chumba chetu cha kupambia

Tunajua wengi mnangoja ile makala ya singo tuliyowaahidi. Itakuja, inshaAllah, karafuu bado zinakauka. Leo tuvumilieni, maana tuna ubishi ambao umeshatuchosha wenyewe na tunataka na nyinyi muusikie.

Sisi, kama mnavyotujua, ni ndugu wawili, na chumba chetu cha kupambia kiko Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa. Kutoka kwetu hadi Shangani si mbali, na wageni hawaishi kutuuliza nyumba ya Freddie Mercury ni ipi. Wengine tunawaonyesha njia hata hawajafungua mdomo. Huko ndiko ulikotokea upande mmoja wa ubishi. Upande wa pili ulitoka Darajani: mpwa wetu alinunua fulana ya mitumba, nyeusi, ina nyuso nne zilizopakwa rangi nyeupe, mmoja kachorwa nyota jichoni, mwengine kama paka. Bibi yetu alipoiona akauliza, "Mashetani gani tena haya mnatuletea ndani?" Tukatafuta kwenye simu, tukakuta ni Kiss, bendi ya New York iliyoanza mwaka 1973.

Hatukuja kutoa fatwa ya muziki. Masheikhe wapo na wameshasema, na maisha ya faragha ya watu hawa si mada yetu. Sisi tunaangalia kwa jicho la wapambaji. Hawa ni watu waliokaa mbele ya kioo saa nzima na zaidi ili watoke mbele ya kadamnasi, na hiyo ndiyo kazi inayotulisha.

Mkubwa wetu ni wa Kiss. Hoja yake ya kwanza ni ya ufundi: uso mweupe, macho meusi, midomo iliyochorwa, na aliyekaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini anaona vilevile kama aliye mbele. Kila mmoja na uso wake: mtoto wa nyota, zimwi, mtu wa anga za juu, paka. Na walikuwa wakijipaka wenyewe. Hilo linamfurahisha mno, kwa sababu anasema mtu anayejua kujipaka mwenyewe hamsumbui mpambaji. Ongeza viatu vyenye visigino virefu kama matofali, moto unaopulizwa mdomoni, damu ya bandia, fataki. Ulipokwenda kuwatazama ulipata ulichoahidiwa, na mwaka mwengine ulipokwenda tena ulipata kilekile. "Bibi harusi anataka nini zaidi ya hicho?" anauliza.

Mdogo wetu ni wa Queen, na tusifiche, kuna na uzalendo kidogo ndani yake. Freddie alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akapelekwa shule ya bweni India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Huko akasoma sanaa ya uchoraji na usanifu, akauza nguo kwenye soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma wao, Roger Taylor, na nembo ya bendi aliichora yeye mwenyewe. Yaani alikuwa mtu wa vitambaa na rangi kabla ya kuwa mtu wa jukwaa. Tunamwelewa.

Halafu kuna lile vazi. Mwaka 1974 alikwenda kwa mbunifu wa London, Zandra Rhodes, akachagua blauzi nyeupe yenye mikunjo na mikono mipana kama mabawa ya kipepeo. Mbunifu aliishona kwa nia ya bibi harusi! Mdogo wetu akifika hapa husimama akanyoosha mikono, na wateja wanacheka. Hata ile nusu ya mguu wa maikrofoni aliyokuwa akiizungusha haikubuniwa na mtu. Ulivunjika siku moja akiwa jukwaani, akaendelea na kipande kilichobaki, na tangu hapo kikawa chake. Wangapi kati yenu wamevunjikiwa na kisigino njiani kuelekea ukumbini wakalia mpaka wanja ukawachafua?

Na katika wimbo wao maarufu wa mwaka 1975, ule wa karibu dakika sita, imo Bismillahi. Hatujui la kufanya na habari hiyo. Tunawapa tu kama tulivyoikuta.

Lakini hoja kubwa ya mdogo wetu ni tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Mchana kweupe, taa za jukwaa hazina maana, kila kundi limepewa dakika zake chache. Freddie akatoka na suruali ya jinzi na fulana nyeupe isiyo na mikono, kama kijana anayetoka kucheza mpira. Hakuna mabawa, hakuna taji. Kwa dakika 20 hivi uwanja mzima ukawa mkononi mwake. Kiss, kwa upande wao, walivua nyuso zao kwenye televisheni mwezi Septemba 1983, wakaendelea kupiga muziki, lakini mwaka 1996 walirudia rangi na viatu vyao, na watu wakamiminika. "Sasa wewe niambie," anasema mdogo wetu, "nani kati yao ana uso na nani ana poda tu?"

Tukiwa waadilifu, hapo mkubwa wetu alikuwa ameshindwa. Mpaka mfungo mosi uliopita.

Alikuja binti na mama yake. Harusi imebaki siku tisa. Alipovua mtandio tukaona kovu la moto, linaanzia tayani, linashuka shingoni. Uji wa moto, alikuwa na miaka mitatu. Mtandio hulifunika kila siku, na mchumba, ambaye amemwona mara mbili tu mbele ya wakubwa, hajapata kuliona. Binti alitaka tulifiche lisionekane ukumbini. Sawa, hiyo kazi tunaiweza. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka na usiku ule pia lisionekane, na kama kuna rangi ya kukaa siku tatu, atalipa.

Mdogo wetu akamjibu haraka mno. Akamwambia rangi nzito kama hiyo itamzuilia maji ya udhu, na usiku ule si mtasali rakaa mbili na mumeo? Utaosha uso, na kila kitu kitakwenda na maji. Kweli tupu, lakini namna alivyoisema, binti aliinama akaanza kufunga tena mtandio wake.

Mkubwa wetu ndiye aliyevuta kiti. Akamwuliza kama anamjua yule mwenye nyota jichoni katika fulana ya mpwa wetu. Anaitwa Paul Stanley. Alizaliwa sikio lake la kulia halikuumbika, na upande huo hasikii. Utotoni watoto wenziwe walimdhihaki, akafuga nywele zilifunike. Alikuwa mtu mzima, na bendi imeshapata jina, alipokwenda kwa daktari wa upasuaji akatengenezewa sikio kwa gegedu la ubavu wake, na umri wake ulikuwa unapita miaka sitini alipoandika hayo kitabuni, mwaka 2014. "Usimcheke mtu kwa sababu ya poda yake," mkubwa wetu alisema, na hakuwa akimtazama binti, alikuwa akimtazama mdogo wake.

Mdogo wetu alinyamaza. Kisha, na tunampa haki yake, akamwambia binti kuhusu meno ya Freddie. Alikuwa na meno manne ya ziada yaliyoyasukuma ya mbele nje, na akicheka alikuwa akiziba mdomo kwa mkono. Fedha za kuyang'oa alikuwa nazo. Hakuyang'oa, aliogopa sauti yake ingebadilika.

Binti akataka kuona picha. Tukampa simu. Alimtazama wa meno, akamtazama wa nyota, akarudi kwa wa meno. Mama yake alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga na kujifanya anatazama dirishani.

Hawakuamua kitu siku ile. Waliacha arubuni wakaenda zao.

Mkubwa wetu sasa anadai ameshinda, kwa sababu rangi ndiyo iliyompa yule kijana ujasiri wa kusimama, na asiyesimama hana cha kuvua. Mdogo wetu anadai bado, kwa sababu rangi ni lazima itoke, na swali ni nani atakuwepo ikitoka. Wiki nzima tulikwenda hivyo, tukiwapaka wengine, tukipitishiana brashi bila ya kutazamana.

Siku ya harusi binti alifika mapema kuliko wote, hina imeshika vizuri mikononi, mashaAllah. Alikaa kwenye kiti, akavua mtandio mwenyewe. Alisema alimtuma somo wake kwa dada wa mchumba, na dada kamfikishia kaka yake habari yote, uji na kila kitu.

"Kasema nini?" tuliuliza kwa pamoja.

"Kauliza kama bado linauma."

Akafumba macho tuanze na wanja. Kovu alisema tutalizungumza mwisho, ukumbini anataka lifunikwe, lakini kwa kitu chepesi kinachotoka kwa maji.