Bwana Kalavati

Jina hilo nilipewa mwaka 1998. Hadi leo nikishuka kwenye basi pale Mtera, penye wauza samaki, kuna wazee wawili watatu wasiojua kwamba wazazi wangu walinipa jina jingine. "Bwana Kalavati, mbukwa!" Naitika mbukwa, nanunua perege wa kubanika, tunacheka. Kicheko hicho nimekilipia kwa makalavati tisa.

Nilikuwa fundi sanifu wa barabara wakati ule, mwenye cheti na pikipiki ya serikali, nikaazimwa kuwa mratibu wa mradi mdogo ambao jina lake lilikuwa refu kuliko fedha zake. Neno tabianchi hatukuwa nalo. Kwenye andiko tuliandika "kuimarisha miundombinu ya vijijini dhidi ya ukame na mafuriko", na nakumbuka kikaoni mtu mmoja alitaka hilo la mafuriko lifutwe. Hapa ni Dodoma, alisema, mafuriko yatoke wapi?

Ukikaa pale tulipokuwa tumekaa, huwezi kumlaumu. Mvua ya Ugogo ni msimu mmoja, unaanza karibu na Desemba na kufika Aprili umekwisha, na miaka ile ulikuwa ukichelewa kuja na kuwahi kuondoka. Mwishoni mwa 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakabaki kwenye madimbwi, jambo ambalo wazee wa upande wa Iringa walisema hawajaliona. Mto huo ndio unaolisha bwawa la Mtera, pamoja na Ruaha Mdogo na Kisigo. Kwa hiyo bwawa likashuka, na nchi nzima ikajua kusoma kina chetu. Redio ilikuwa ikitangaza usawa wa maji ya Mtera kama inavyotangazwa hali ya mgonjwa aliyelazwa Muhimbili: leo amepungua kidogo, leo hajambo. Dar es Salaam walikuwa gizani kwa mgao, na aliyekuwa hajawahi kufika Mtera alikuwa anajua kwamba mita 690 juu ya usawa wa bahari ndiyo mwisho wa kuzungusha mitambo.

Sisi tuliokuwa pale, gizani hatukuingia, maana hatukuwa na taa za kuzimwa. Bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kuwa ghala la maji ya mitambo ya Kidatu, chini kabisa kwenye mto, megawati 204; mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja kuwashwa 1988. Nyaya za msongo wa kilovolti 220 zilipita juu ya tembe za watu zikiunguruma kwenda Dodoma na Iringa, na chini yake mama anakoka kuni.

Mradi wetu haukuhusu umeme. Ulihusu mambo madogo: njia ya kijiji kutoka barabara kuu, visima viwili vya pampu za mkono, lambo la ng'ombe, na kivuko cha korongo moja upande wa Chipogoro ambalo kila masika lilikuwa linakifunga kijiji kwa wiki kadhaa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuratibu. Watu hufikiri mratibu ni bosi. Mratibu ni mtu wa kubeba barua. Naondoka alfajiri nikiwa na barua ya watu wa barabara kwenda kwa watu wa maji, narudi jioni na jibu lisemalo barua haikuwa na muhuri.

Lakini liko jambo moja ambalo kama ningelishika mapema, mengine yote ningeweza kusamehewa. Kila ofisi ilikuwa na kipimo chake. Watu wa bwawa walipima kutoka baharini: bwawa likijaa ni mita 698.50, basi, hakuna mjadala. Watu wa maji walipima kwenda chini, mita ngapi hadi maji ya kisima. Sisi wa barabara tulikuwa na kigingi cha zege nyuma ya shule, tulichokipachika urefu wa mita 100 kamili kwa sababu moja tu: hesabu inakuwa nyepesi. Ni desturi ya mafundi dunia nzima, wala si uzembe. Ila katika mikutano yetu yote, na chai yote tuliyokunywa, hakuna aliyeuliza kama kigingi chetu cha mita 100 kiko juu au chini ya bwawa likijaa. Bwawa lilikuwa mbali kiasi kwamba kulifuata ulitembea kwenye tope lililokauka, katikati ya mashamba ya matikiti na mahindi. Wakulima na wavuvi walikuwa wameyafuata maji yalivyorudi nyuma, msimu hadi msimu, na makambi yao yamekwisha kuwa vitongoji. Nani angeuliza?

Kipimo cha nne kilikuwa cha mzee mmoja. Tulipokwenda kupima kivuko alikuja amejifunika mgolole, akasimama anatutazama kwa muda mrefu, kisha akanishika mkono akanipeleka kwenye mbuyu uliokuwa ukingoni, hatua kama sitini kutoka tulipoweka vigingi. Akanionyesha kovu kwenye gome, usawa wa kifua changu. "Mwanangu, hapa liligonga gogo. Mwaka wa Uhuru. Hili korongo haliji na maji peke yake, huja na miti."

Mwaka wa Uhuru ninaujua kwa kusimuliwa. Kwanza njaa, watu wa Ugogo wakaishi kwa mahindi ya msaada. Halafu mwishoni mwa 1961 mvua zikaja kama zinalipa deni. Bibi yangu aliziweka pamoja na Mtunya, ile njaa ya baada ya vita vya Mjerumani, katika orodha yake ya mambo ambayo hutajiwi wakati wa kula. Nikaandika kwenye daftari: mbuyu, kovu, kifua. Jioni nikamwambia mhandisi mshauri. Alikuwa mtu mzuri, mpole, asiyependa kelele. Akasema kumbukumbu za mvua alizopewa zinaanza miaka ya sabini, na mbuyu hauingii kwenye fomula. Akachora kalavati za bomba, milimita 900, mistari mitatu, kila mstari vipande vitatu.

Sikumtetea mzee. Nilisaini mchoro, mahali palipoandikwa mratibu.

Tulimaliza Agosti 1997. Kivuko kilipendeza, kimepakwa chokaa, na mgeni rasmi akakata utepe na kula mbuzi. Redio ilikwisha kuanza kutaja El Nino, lakini kwetu lilikuwa jina tu, kama la mchezaji mpira wa Amerika Kusini.

Mvua ilianza mapema na haikujua Aprili ni nini. Kwetu korongo lilikuja usiku mmoja wa Januari. Ukiwa hujawahi kulisikia korongo likija, ni vigumu kukuelezea. Si mlio wa maji, ni kama lori limepoteza breki mlimani. Asubuhi tulikuta kilichotokea kimeandikwa wazi kabisa kwenye mchanga. Gogo la kwanza lilikwama kwenye bomba la kati. Miiba na matawi yakajishika kwenye gogo. Mabomba matatu yakazibwa kama chupa, na maji, yaliyokatazwa kupita chini, yakapanda, yakatafuta pembeni, yakakuta tuta letu la udongo tulilolishindilia kwa fahari. Yalilila lote. Makalavati tisa yalikuwa yametawanyika chini ya mto kama mapipa ya pombe baada ya harusi. Ule mbuyu ulikuwa na kovu jipya, juu ya lile la zamani.

Kijiji kilifungwa tangu siku hiyo hadi Mei. Wagonjwa walivushwa kwa kitanda, watu wanne mabegani, na wakati mwingine walingoja ng'ambo mpaka maji yapungue. Huko mbali reli ya kati nayo ilikatwa, barabara zimekatwa, kipindupindu kimeingia; msiba wetu haukufika hata kwenye habari za saa mbili usiku.

Na bwawa likajaa. Nilikwenda kuliangalia mwezi wa Aprili na nikasimama pale daraja linapovuka nikihisi kizunguzungu. Bahari nzima imekuja kukaa Ugogo. Mashamba ya matikiti yalikuwa chini. Makambi ya wavuvi yalikuwa chini. Pampu moja kati ya zetu mbili, iliyokuwa na miezi saba tu, ilikuwa imetoa mpini nje ya maji, na juu ya mpini amekaa mnandi anakausha mabawa. Mtu aliyekuwa karibu nami akasema, "Bwana Kalavati, naona sasa unafuga ndege." Jina likashika.

Juni nikaazima levo, nikachukua vijana wawili wa kushika fimbo, tukatembea kutoka alama ya bwawa hadi kigingi chetu cha shule. Kazi ya siku mbili. Kigingi chetu cha mita 100 kilikuwa chini ya bwawa lililojaa, kwa kimo cha mtoto wa darasa la pili. Siku mbili! Tulikuwa tumetumia miezi kumi na minne kuandikiana barua.

Fedha zilizobaki hazikutosha makalavati mengine, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa. Tulichoweza ni drifti, ambayo kwenye makaratasi inaitwa daraja mfuto: bamba la zege lililolazwa usawa wa mchanga, lisilojidai kuwa daraja. Korongo likija linapita juu yake, magogo na yote. Wewe unakaa ng'ambo saa mbili tatu, unapiga soga, kisha unavuka. Nilimwendea yule mzee. Akachagua mahali, pale mchanga ulipo mpana na maji yamechoka. Akasema jambo moja tu la kiufundi: ukiacha upenyo chini, maji yataingia kama panya. Kwa hiyo tukachimba ukuta wa kukinga chini ya zege hadi kwenye mwamba, mtu anatumbukia anapotea kichwa. Wanakijiji walifanya kazi kwa posho, wanaume wakichimba na wanawake wakisomba mawe, na nikiangalia hesabu zangu za zamani wanawake walifanya siku nyingi zaidi na walilipwa kidogo. Niliidhinisha hilo pia.

Drifti ilikamilika bila mgeni rasmi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, nilipita nikakuta foleni ya ndoo juu ya korongo, upande maji yanakotoka. Ugogo watu wamechimba visima vya mchangani tangu zamani. Ukifika Agosti kisima kinakuwa kirefu kiasi kwamba anayechota haonekani, na kila mwaka hatukosi habari ya mchanga kumfunika mtu. Hapo walikuwa wanachota wamepiga magoti. Mkono unafika. Mama mmoja akaniambia bila kuinua uso, "Ukuta wenu umeziba chini, maji hayana pa kwenda." Tulijenga barabara, tukapata kisima, na ofisi ya maji haikuwa na habari. Huko Kitui, Kenya, nilikuja kusikia baadaye, watu hujenga kuta za namna hiyo makusudi, waujaze mchanga maji. Sisi tulifanya kwa sababu mzee alisema panya.

Nisipake rangi. Wafugaji nao waligundua. Mwaka wa tatu ng'ombe walikuwa wanakanyaga visima, na usiku mmoja mtu alikata waya wa gabioni, vile vikapu vya mawe vya kukinga zege, akachukua, sijui wa kufungia nini, na kona ya bamba ikaanza kuning'inia. Kamati ya kijiji ilikaa vikao vitano kuamua nani anywe saa ngapi. Mradi wakati huo ulikwisha fungwa, ripoti ya mwisho imeandikwa, na ndani yake drifti ilitajwa kwenye mstari mmoja kama "kivuko mbadala". Ile pampu iliyozama iliandikwa imekamilika kwa asilimia 100.

Mwaka 2006 bwawa lilikuwa chini ya ile 690, Dar ikarudi gizani. Oktoba 2015 mitambo ya Mtera ikazimwa kwa kukosa maji. Kisha masika ya 2020 yakaja makubwa, nami nimeshastaafu, nikapanda basi kwenda kutazama. Kutoka Dodoma ni lami tupu, unafika umelala. Nikachukua bodaboda hadi korongoni.

Kulikuwa na gari la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, limesimama ng'ambo, linangoja. Maji yalikuwa yanapita juu ya bamba, mekundu, usawa wa kifundo, na kona moja ya zege imeliwa vibaya. Mhandisi kijana akashuka, akanisalimia shikamoo, akaniuliza kama ninajua nani alijenga hapa, maana ofisini mchoro wake haupo. Nikasema marahaba. Dereva wa bodaboda akanitangulia kujibu: "Huyu hapa, Bwana Kalavati." Kijana akatazama juu ya korongo, akatazama chini.

"Kalavati ziko wapi?" akauliza.