Mlango wa Faizabad: Umrao Jaan ya Kale na Umrao Jaan Mpya



Filamu iliyopendwa inapotengenezwa upya, watu wa nyumba moja hugawanyika. Wakubwa husema ya kale ni dhahabu, na vijana hujibu kuwa hata dhahabu husafishwa ikang'aa. Katika nyumba zetu za mwambao ubishi huu huwa mkali inapotajwa Umrao Jaan. Iko ile ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Muzaffar Ali, na iko ya mwaka 2006 iliyoongozwa na J. P. Dutta. Tumezitazama zote mbili na kuzilinganisha, na wiki hii tungependa kueleza kwa nini ile ya kwanza ingali inatutoa machozi, ilhali ya pili tunaisifu kwa uzuri wake kisha tunaisahau. Sababu tunaiona katika tukio moja tu, nalo latokea kwenye mlango wa nyumba katika mji wa Faizabad.

Kwa wasioijua hadithi, tuieleze kwa ufupi. Asili yake ni riwaya ya Kiurdu ya Mirza Hadi Ruswa iliyotoka mwaka 1899, ambamo mwanamke anamsimulia mwandishi maisha yake. Amiran ni binti mdogo wa nyumba ya watu waadilifu huko Faizabad, kaskazini mwa India. Jirani yao, Dilawar Khan, ana kisasi na baba wa mtoto kwa sababu baba huyo alitoa ushahidi dhidi yake. Basi anamwiba binti, anampeleka Lucknow na kumuuza kwa Khanum, bibi mwenye nyumba ya matawaif, wanawake waliofunzwa kuwatumbuiza matajiri kwa nyimbo, ngoma na mashairi. Humo anapewa jina jipya, Umrao Jaan, anasomeshwa, na anakuwa mshairi wa kusifika. Anapendana na Nawab Sultan, lakini mwana wa nasaba haoi mwanamke wa nyumba ile. Anatoroka na Faiz Ali, asijue kuwa ni jambazi. Vinapozuka vita vya mwaka 1857 na Waingereza kuushambulia mji wa Lucknow, Umrao anakimbia pamoja na wakimbizi wengine, na njia inamfikisha Faizabad, mji aliozaliwa.

Yawezekana msomaji akauliza hadithi hii yatuhusu nini. Filamu za Kihindi zina makao ya siku nyingi katika pwani yetu. Zilionyeshwa katika sinema za Mombasa, kisha zikaingia majumbani kwa kaseti za video, na wanawake wakazitazama pamoja, mama, mashangazi na mabinti. Mahadhi yake yaliingia hata katika taarabu, na wapenzi wa marehemu Juma Bhalo wanalijua hilo vyema. Na katika Umrao Jaan tunasikia zaidi ya mahadhi. Katika Kiurdu chake tunayakuta maneno ambayo sisi nasi tumeyapata kutoka Kiarabu: dunia, wakati, habari, adabu. Na tunalikuta neno aibu. Watu wa Lucknow ile wanasalimiana kama tunavyosalimiana, wanawake wao wanakaa nyuma ya pazia, na jina la nyumba linachungwa kama mboni ya jicho. Ni nyumba tunayoijua.

Filamu ya kwanza imejengwa kwa utulivu. Khayyam alitunga muziki, Shahryar akaandika maneno, naye Asha Bhosle akaombwa ashushe sauti yake chini ya pale alipozoea kuimbia, ili isikike kama sauti ya mwanamke anayejizuia asilie. Rekha, aliyeigiza Umrao, hana maneno mengi. Huinua macho, akayateremsha, nasi tukajua lililomo moyoni. Wote watatu, Khayyam, Asha Bhosle na Rekha, walitunukiwa Tuzo ya Taifa ya India kwa kazi hiyo.

Ya pili nayo tusiidhulumu. Aishwarya Rai ana haiba, mapambo na mavazi yanapendeza, na nyimbo za Anu Malik, kwa maneno ya Javed Akhtar na sauti ya Alka Yagnik, si za kutupwa. Lipo pia jambo la kuvutia kwa sisi tunaothamini urithi wa mama na binti: Khanum wa mwaka 1981 aliigizwa na Shaukat Kaifi, na Khanum wa mwaka 2006 akaigizwa na bintiye wa kumzaa, Shabana Azmi. Wote wawili walitoa Khanum wa kuogopwa na kuhurumiwa kwa pamoja.

Lakini filamu mpya, yenye urefu wa saa tatu hivi, imeyatumia mengi ya masaa yake katika mapenzi ya Umrao na Nawab Sultan, aliyeigizwa na Abhishek Bachchan. Mtazamaji anaongozwa kuona kuwa msiba mkubwa wa mwanamke huyu ni kuachwa na mpenzi. Kuachwa kwauma, hatubishi. Ila Muzaffar Ali aliona msiba mwingine uliotangulia huo na utakaodumu baada yake.

Tulitazame tukio lenyewe. Umrao, aliyechoka kwa safari, anaombwa kuimba Faizabad. Anafika mahali alipoitwa, na anapoimba anagundua taratibu kuwa yuko mbele ya mtaa wao wa zamani. Wanawake wanamtazama kutoka nyuma ya pazia. Wimbo ukiisha, anakwenda nyumbani. Mama yake, aliyedhani mtoto alikufa miaka mingi iliyopita, anamtambua, na moyo wa mama haumuulizi alikuwa wapi. Yuko tayari kumpokea. Hapo ndipo anapoingia kaka, aliyekuwa mtoto siku dada alipoibwa, na sasa ndiye mwanamume wa nyumba. Yeye anakataa. Kwake, dada huyu ni fedheha iliyorudi kwa miguu yake yenyewe, na heri angalikufa. Mama analia, lakini neno la mwisho si lake. Umrao anatoka. Anarudi Lucknow, anaikuta nyumba ya Khanum imeporwa na ni tupu, anafuta vumbi kwenye kioo na kujitazama. Filamu inaishia hapo, bila ya hotuba na bila ya mtu wa kutufariji.

Ili tusije tukasema kuwa binti huyu aliyataka mwenyewe, filamu ile ilikwisha kutuonyesha msichana wa pili. Jina lake Ram Dei, naye aliibwa pia, akafungiwa pamoja na Amiran kabla ya kuuzwa. Yeye alinunuliwa na jamaa ya kina Nawab, akalelewa ndani, na mwisho akawa mke wa yuleyule Nawab Sultan. Miaka inapita, wanakutana, mmoja begum wa nyumba, mwingine mwimbaji aliyeitwa kutumbuiza. Wasichana wawili, wizi wa namna moja, na kilichowatenganisha ni mkono wa mnunuzi. Hakuna kati yao aliyechagua.

Filamu mpya nayo inafika Faizabad, na mlango unafungwa vilevile. Lakini haikomei hapo. Inamkutanisha Umrao na Dilawar Khan, mwizi wake, sasa akiwa mnyonge anayeomba. Umrao anamvulia bangili zake za dhahabu na kumwombea msamaha kwa Mungu. Ni tendo la ukarimu, na kusamehe ni katika tabia njema tulizoamrishwa. Hata hivyo, kwa kulileta tendo hilo mwishoni, filamu inatupa pumzi ya kustarehe. Macho yetu yanakwenda kwa mwizi wa njiani, na tunawasahau waliofunga mlango. Mwizi ni rahisi kumlaumu, kwa kuwa sisi si wezi. Ndugu wa Faizabad ni mgumu kumlaumu, kwa kuwa ni mtu wa heshima, anaogopa maneno ya mtaa, na anafanana nasi.

Wapo watakaosema kuwa kisa cha nyumba ya matawaif hakistahili kuzungumzwa katika jarida la familia za Kiislamu. Tunaiheshimu hofu yao, na hatuyapambi maisha ya nyumba ile. Lakini dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Katika Sura An-Nur, Mwenyezi Mungu amekataza wasichana kulazimishwa uchafu kwa tamaa ya mali ya dunia, na akabainisha kuwa Yeye ni Mwenye maghufira na rehema kwa waliolazimishwa. Lawama imewekwa kwa aliyelazimisha. Katika Sura At-Takwir tunakumbushwa Siku ambayo mtoto wa kike aliyezikwa angali hai ataulizwa aliuawa kwa dhambi gani. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amembashiria aliyewalea mabinti wawili hadi wakakua kuwa atakuwa karibu naye Siku ya Kiyama kama vidole viwili vilivyoshikana. Kaka anayesema heri dada yake angalikufa, na asome tena sura hizo mbili kabla hajalitaja jina la heshima.

Hatuiandiki makala hii kwa ajili ya Faizabad peke yake. Mabinti wetu nao huondoka na hurudi. Yuko aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akarudi hana mshahara wala afya. Yuko aliyeolewa angali mdogo, akarudi na kitambaa cha nguo na mtoto mgongoni. Yuko aliyedanganywa na mtu aliyemwamini. Anapofika, mara nyingi maneno ya mtaa yamekwisha kumtangulia. Majirani watauliza kwa sauti ya huruma, lakini swali lenyewe lina miba. Na ndani ya nyumba, mama huwa amekwisha kumtandikia kitanda, ilhali wanaume wamekaa ukumbini wakijadiliana kama apokewe au apelekwe kwa jamaa wa mbali hadi watu wasahau.

Wahenga wametuachia methali mbili za kukinzana katika jambo hili. Moja yasema la kuvunda halina ubani. Ya pili yasema mkono ukinyewa na mtoto haukatwi. Ya kwanza ni ya sokoni, yafaa kwa samaki. Ya pili ni ya nyumbani, na waliyoitunga walijua kulea. Tena mtoto wa methali amejichafua mwenyewe, na mkono bado haukatwi. Itakuwaje basi kwa yule aliyechafuliwa na wengine?

Tunavyoona sisi, jambo la kwanza ni kumwambia binti kabla hajaondoka, kwa maneno ya wazi na mbele ya kaka zake, kwamba mlango hautafungwa hata akirudi mikono mitupu. Neno hilo likisemwa mapema, halimwachi mama peke yake siku ya siku. La pili ni kumpokea kwanza, na kuuliza baadaye. Ale, aoge, alale. Yatakayohitaji kujulikana yatajulikana, na yasiyohitaji yabaki katika sitara, kwa kuwa anayemsitiri Muislamu mwenzake naye husitiriwa na Mola wake. La tatu ni kwa majirani: habari za nyumba ya watu zisigeuzwe kitoweo cha baraza.

Basi mkiwa na nafasi ya kuitazama moja kati ya filamu hizi mbili, chagueni ya mwaka 1981, muitazame wakubwa pamoja na vijana waliofikia umri wa kuelewa. Msiwaite mabinti peke yao. Waiteni na wavulana, tena wawe wa mbele. Mabinti wetu wanajua tayari hofu ya kurudi nyumbani na kukuta wamehukumiwa. Wavulana ndio wanaohitaji kuiona, kwa sababu kesho baba atakuwa hayupo, mama atakuwa mzee, na mlango utakuwa mikononi mwao.

Wabillahi tawfiq.