Simu za Ilemba na Seva za Dodoma

Nilizaliwa Ilemba, bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyambalyamfipa. Kwa miaka mingi niliamini, kama majirani zangu, kwamba mfumo wa kuomba chuo ukigoma kosa ni la kijiji: mnara uko mbali, mvua inanyesha, simu ni ya bei rahisi. Vijana walipanda gari kupitia Muze, wakaupanda ule mlima hadi Ntendo na kufika Sumbawanga mjini, wakalipa nauli na malazi, ili mtu wa stesheneri awajazie fomu ile ile iliyowagomea nyumbani. Hata huko mara nyingine ukurasa ulizunguka tu mpaka muda wa mwisho ukapita. Tulisema mtandao uko chini, tukaishia hapo.

Leo sisemi hivyo tena, na kilichonibadilisha ni kazi. Niliajiriwa Dodoma, kitengo cha TEHAMA cha taasisi inayopokea maombi ya wanafunzi kutoka nchi nzima. Kila dirisha la udahili lilipokaribia kufungwa mfumo ulilemewa, na dawa iliyozoeleka ilikuwa kununua seva yenye nguvu zaidi. Usiku mmoja wa msongamano nilikaa na logi. Prosesa ilikuwa karibu haina kazi, na bado watu walikuwa wanasubiri. Nafasi zote za kuhudumia zilikuwa zimeshikwa na watu wenye intaneti ya taratibu. Kila mwombaji alishika nafasi yake tangu herufi ya kwanza ya fomu ilipoanza kuingia hadi jibu lilipomfikia lote. Mtu anayepakia cheti cha kidato cha nne kwa 2G anaweza kuishika kwa dakika kadhaa, na muda huo hakuna mwingine anayehudumiwa hapo. Nilimfikiria mdogo wangu kule bondeni. Hakuwa na kosa lolote. Mfumo ulijengwa kana kwamba watu wote wanaishi karibu na mnara.

Tuliweka Nginx mbele ya seva tatu ili igawe maombi. Programu hiyo ni ya Mrusi Igor Sysoev, aliyeitoa kwa umma mwaka 2004 akilenga kuhudumia maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja. Tuliitumia kwenye tabaka la programu, yaani la 7 katika OSI, mpangilio wa tabaka za mawasiliano ya mtandao. Kugawa mzigo kwenye tabaka la 4 ni kuangalia anwani na namba ya mlango tu, kama mlinzi wa geti la hospitali anayeruhusu magari. La 7 ni muuguzi wa mapokezi: anasoma kadi ya mgonjwa, anajua huyu ni wa maabara na yule ni wa wodi. Kwa hiyo picha na kurasa zisizobadilika zilikwenda njia yake, fomu zikaenda yake. Na muhimu zaidi kwa watu wa bondeni, Nginx huipokea fomu polepole kadiri simu inavyoweza kuituma, huikusanya mpaka itimie, ndipo huikabidhi seva kwa mara moja. Jibu nalo hulichukua haraka na kumpa mwenye simu kwa kasi anayoimudu. Seva inabaki huru kumhudumia mwingine.

Suala la nani aende seva ipi lilinishughulisha kuliko yote. Pendekezo la kwanza lilikuwa kugawa kwa anwani ya IP, ili mwombaji abaki kwenye seva inayomkumbuka. Kwetu watu wengi huingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache za pamoja. Tena, njia hiyo ya Nginx hutazama sehemu tatu za kwanza tu za anwani ya IPv4. Maana yake, umati wa wateja wa kampuni moja, kuanzia Ilemba hadi Kariakoo, unaweza kurundikwa kwenye seva moja huku jirani zake zikikaa bure. Tuliiacha. Tulihamishia kumbukumbu za kulogin kwenye hifadhi ya pamoja, seva yoyote ikaweza kumtambua mtu kwa kuki yake, na ombi jipya likaenda kwa seva yenye miunganisho michache.

Kuna hatari moja ninayowasisitizia wenzangu. Seva ikishindwa, kigawa mzigo kinaweza kulipeleka ombi kwa nyingine. Likiwa ombi la malipo, mzazi aliyeuza mpunga apate ada anaweza kukatwa pesa mara mbili. Tangu toleo la 1.9.13, Nginx hairudii ombi la POST, yaani lile la kutuma fomu au malipo, ambalo limekwisha kutumwa kwa seva, isipokuwa fundi ameiruhusu. Tafadhali msiiruhusu.

Haya yote hayaongezi mnara hata mmoja Ilemba, na hifadhidata ikiwa ndiyo iliyokwama, kuongeza seva mbele yake ni kuizidishia mzigo. Lakini msimu uliofuata mdogo wangu alijaza fomu akiwa nyumbani, kwa simu yake, na nauli ya Sumbawanga ikabaki mfukoni.

Nawaomba wenzangu wa TEHAMA: kabla ya kununua seva kubwa zaidi, fungueni logi mwone kila ombi linashika nafasi kwa muda gani, kisha ujaribuni mfumo kwa simu ya bei rahisi kwenye 2G. Na ninyi mnaojaza fomu mkiwa Ilemba, Mtowisa au Kipeta, ukurasa ukigoma andikeni saa na siku, mpigie taasisi husika simu mkaulize. Msikubali kuambiwa kwamba kosa ni la kijiji chenu.