Viatu vya Nansio

Kurasa kumi na moja za daftari langu zilimhusu Neema, mhusika mkuu wa riwaya ninayoiandika: kimo chake, rangi yake, chakula akipendacho, hata kovu la gotini. Kazi ya miaka mitatu. Lakini kila niliyempa mswada alirudi kunisimulia mafuriko, harusi, ng'ombe aliyepotea. Neema hakutajwa na yeyote, na jambo hilo liliniuma. Ndipo nikapanda basi kutoka Dodoma hadi Mwanza, na kesho yake nikakata tiketi ya meli ya kwenda Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe. Nilitaka kukiona Namagondo, kijiji cha kisiwa hicho alikozaliwa mwandishi Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, ambako pia ndiko kwao Rosa, mhusika mkuu wa riwaya yake Rosa Mistika, ambaye mimi sijamsahau.

Sikuwa nimewahi kupanda chombo cha majini. Mawe makubwa ya Mwanza yalipoanza kutuacha, nilishika bomba la kiti kwa mikono miwili. Mzee aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata boksi la viatu. Yeye mwenyewe alivaa kandambili, moja imeshonwa kwa waya. Wimbi lilipopiga ubavuni, alilishika boksi kwanza, kisha kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unavaa namba ngapi?"

Nilimwambia, thelathini na nane. Akafungua boksi na kutoa viatu vyeusi vya kike, vipya, karatasi bado zimo ndani.

"Hebu vijaribu."

Vilinienea sawasawa. Uso wake ukasawijika.

"Basi vitampwaya," akasema. "Au labda naye amekuwa mkubwa kama wewe."

Vilikuwa vya binti yake, vya mahafali ya kidato cha nne. Mara ya mwisho alimwona akiwa darasa la tano. Alivifuta nyayo kwa pindo la shati, akavirudishia karatasi moja moja, kisha akaniinamia: "Tafadhali, usimwambie mtu kwamba vimekwisha kuvaliwa." Alikokuwa miaka yote hiyo hakunieleza, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kimo cha mzee yule sikukitazama, na leo siwezi kukisema. Nikamkumbuka Zakaria, baba yake Rosa katika riwaya ile ya 1971. Tangu niisome nikiwa shuleni sijawahi kujiuliza sura yake ikoje, lakini kipigo alichompa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana sijakisahau hata siku moja. Mlevi asiyeitunza nyumba yake, anapigania heshima ya nyumba hiyohiyo kwa fimbo! Anakitaka kitu na anakivunja kwa mkono wake. Neema wangu alitaka nini? Katika kurasa zote kumi na moja nilikuwa sijaandika. Wala sikujua anamwonea nani aibu.

Safari ilichukua zaidi ya saa tatu. Gatini Nansio watu walishuka kwa kusukumana, magunia ya mchele, magodoro, trei za mayai juu ya vichwa. Kijana wa bodaboda akanidaka mkono, "Dada, wapi?" Nilisahau kumjibu. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya geti, boksi kifuani, akiwatazama wasichana waliokuwa wakipita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimwanzia miguuni.