Amana Iliyo Ndani ya Ukuta

Sisi tunaoishi na fundi bomba twaijua kazi yake kwa mikono iliyochubuka na nguo zenye gundi. Lakini mwaka jana, mzee wetu na vijana wetu wawili walipoajiriwa kuweka mabomba katika jengo jipya la maabara ya utafiti hapa Pwani, tulijifunza mengi. Kila baada ya Isha alikuwa akiitandaza ramani ya jengo mkekani, nasi tukimuuliza.

Alitufahamisha kwamba maabara haina njia moja ya maji. Maji ya kunywa na kutawadhia yana bomba lake. Maji ya meza za kazi hutoka katika tangi la pekee, na baina ya koki inayolijaza na uso wa maji huachwa nafasi ya hewa. Sababu yake ni kuwa presha ya maji ya mji ikianguka ghafla, bomba huweza kufyonza chochote kilicho mdomoni mwake. Tutazame majumbani mwetu: ni wangapi huacha mpira wa maji umezama katika ndoo ya nguo zenye sabuni? Siku mfereji ukikatika, maji yale yaweza kurudi katika bomba tunalonywea.

Maji machafu nayo yana hukumu yake. Asidi hula chuma. Iko pia dawa iitwayo sodiamu azidi, ambayo huzuia vijidudu visiharibu vimiminika vya maabara. Ikimwagwa mara kwa mara katika bomba la shaba au la risasi, huweza kujenga chumvi inayolipuka. Kwa hivyo pale mabomba ya kutolea maji yalikuwa ya plastiki ngumu, yakiunganishwa kwa joto, na kuishia katika tangi la kupunguzia ukali kabla ya kufika kwenye maji taka. Hata hewa ina njia yake. Katika vyumba vya vijidudu vya hatari huvutwa kutoka ukumbini kuingia chumbani, isitoke nje ila kwa kupita chujio linalozuia asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3.

Yote haya hufunikwa kwa lipu na dari, kwa hivyo ni lazima yajaribiwe kabla ya kufunikwa. Bomba la maji safi hutiwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, kisha geji huangaliwa kama itashuka. Bomba la maji machafu huzibwa chini na kujazwa maji hadi juu.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban. Msimamizi wa kazi alitaka kuta za ghorofa ya pili zipigwe lipu upesi, kwani wageni walikuwa njiani, na mabomba ya maji machafu hayakuwa yamejaribiwa. Mzee wetu alitakiwa atie sahihi kuwa yamejaribiwa, akakataa. Yeye na wanawe wakasimamishwa kazi siku 11 bila ujira, na Ramadhani ikibisha hodi. Jamaa walimnasihi atie sahihi, wakisema ukuta hausemi. Binti yetu, anayesomea kazi ya maabara, ndiye aliyewajibu: "Huenda mimi ndimi nitakayekaa chini ya bomba hilo." Mazungumzo yakaisha hapo.

Mhandisi alipokuja kukagua aliamuru mabomba yajazwe maji. Kufikia asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Kiungo kimoja, juu ya dari ya chumba cha kazi, hakikushikana vyema. Kilikatwa, kikaunganishwa upya na kujaribiwa tena. Maji yakasimama, ndipo lipu ikapigwa. Ujira wa siku zile 11 haukulipwa hadi leo. Futari yetu mwaka ule ilikuwa muhogo na uji, na tuliila pamoja, alhamdulillahi.

Wenzetu mnaojenga, msikubali lipu ipite juu ya bomba lisilojaribiwa. Mwambieni fundi alitie presha, mkaitazame geji jioni na asubuhi. Pigeni picha kuta zikiwa wazi, mjue mabomba yapita wapi. Na fundi akiomba siku moja zaidi ya kujaribu, mpeni, na mumlipe.