Ngazi Mbovu: Tafakuri kuhusu Adhabu ya Mungu na Mateso ya Wasio na Hatia

Usiku wa Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha jijini Nairobi, jumba la ghorofa lililojengwa karibu na mto mtaani Huruma liliporomoka na kuwafukia wapangaji wake. Watu wapatao 50 walipoteza maisha. Baada ya takribani saa 80, waokoaji walimfukua mtoto mchanga wa kike akiwa hai. Mama yake hakupona. Mtaa wenyewe unaitwa Huruma, na jina hilo peke yake latosha kumsumbua yeyote anayetafakari haki ya Mungu.

Katika matanga ya Eastlands, kuanzia Dandora hadi Kayole, majibu ya swali la kifo cha ghafla huwa yako tayari. Wapo wasemao kuwa jiji limejaa dhambi na Mungu amechoka. Wapo wasemao kuwa kazi ya Mungu haina makosa, kwa hiyo binadamu anyamaze. Wapo pia wanaomfariji mfiwa kuwa marehemu amepumzika mahali pema kuliko chumba kimoja alichokuwa akikilipia kodi. Adhabu, siri na ahera: majibu haya matatu yana umri mrefu. Wayahudi waliyapima kwa karne nyingi, na mizani yao ingali na manufaa kwa mpangaji wa Eastlands.

Tuanze na Ayubu, ambaye Waswahili wa pwani nao wamemtungia utenzi. Aghalabu hukumbukwa kwa majipu yake na subira yake. Husahaulika kwamba watoto wake kumi walikufa kwa kuangukiwa na nyumba, upepo ulipoipiga pembe zake nne. Marafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja kumpa pole, na kwa siku saba waliketi naye kimya. Walipofungua vinywa, walimtaka akiri dhambi iliyomletea msiba. Hatimaye Mungu anawakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelalamika. Yaani kumtetea Mungu kwa kumsingizia mfiwa ni kosa mbele ya Mungu mwenyewe. Mhubiri anayesimama mbele ya majeneza akitaja ulevi na uasherati wa mtaa angefaa kukisoma kitabu hicho hadi mwisho.

Hata hivyo, Ayubu hakuahidiwa kukutana na watoto wake peponi. Katika sehemu kubwa ya maandiko ya kale ya Wayahudi, wafu wote, wema kwa wabaya, hushuka Kuzimu. Fikra ya ufufuo na hukumu inajitokeza wazi katika Kitabu cha Danieli, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na mateso ya karne ya 2 kabla ya Kristo, wakati waumini walipouawa kwa sababu ya utiifu wao. Pale mtiifu alipokufa kabla ya kupata ujira wake hapa duniani, ilibidi ujira huo utafutwe kwingine.

Marabi waliendelea na mjadala huo. Talmudi ya Babeli inasimulia kuhusu mtoto aliyetumwa na babake apande juu ya jengo amletee makinda ya ndege. Mtoto alitii. Alimfukuza kwanza ndege mama, kama Torati inavyoagiza, ndipo akachukua makinda. Alipokuwa akishuka, alianguka akafa. Amri hizo mbili, kumheshimu mzazi na kumwacha ndege mama aende, ndizo hasa zilizoahidiwa maisha marefu. Rabi Yaakov alihitimisha kuwa maisha hayo marefu ni ya ulimwengu ujao. Kuhusu babu yake, Elisha ben Abuya, wapo wasemao kuwa aliona kisa cha namna hiyo akaiacha imani. Babu na mjukuu walitazama maiti ya aina moja. Mmoja akapata ahera, mwingine akapoteza yote.

Lakini mjadala haukuishia hapo, na hapa ndipo penye funzo kwetu. Wenye hekima waliuliza: mtoto aliyekuwa akitekeleza amri aliwezaje kudhurika? Jibu walilotoa halikuhusu mbingu hata kidogo. Walisema kuwa ngazi ilikuwa mbovu, na palipo na hatari iliyo dhahiri mtu hapaswi kutegemea muujiza.

Jumba la Huruma lilikuwa ngazi mbovu. Maafisa walikuwa wamekwisha kulitambua kuwa si salama na kwamba lilistahili kubomolewa, ilhali wapangaji waliendelea kuishi humo. Mnamo Juni 2017 jumba jingine liliporomoka Kware, Embakasi, baada ya nyufa kuonekana kutani. Kusema kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Mungu ni kumfanya Mungu shahidi wa upande wa mwenye ploti. Aliyepunguza saruji na nondo hupata nafuu kubwa waombolezaji wanapoinua macho juu badala ya kuyaelekeza kwenye msingi.

Haielekei kuwa ni sadfa tupu kwamba katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, amri ya ndege mama iko katika aya ya 6 na 7, na aya ya 8 inamwagiza anayejenga nyumba azungushe ukuta darini, ili asiiletee nyumba yake hatia ya damu ya mtu atakayeanguka. Aya moja inaahidi siku nyingi, na inayofuata inamkabidhi mjenzi sehemu ya kuitimiza ahadi hiyo.

Mfiwa wa Eastlands ana haki ya kuamini ahera, na hakuna mwenye ruhusa ya kumpokonya faraja hiyo. Ila faraja isigeuzwe risiti ya kumfutia mtu deni. Swali la kwa nini Mungu aliruhusu litabaki wazi, kama lilivyobaki kwa Ayubu. Swali la nani aliijenga ngazi, nani aliikagua, na nani aliendelea kupokea kodi baada ya kuonywa, lina majibu, na majibu yake hayamo mbinguni.